Muendelezo wa riwaya ya Luc na Oliver: nimekwama, nisomeje?

KurasaZaUsiku (Moshi)

Habari zenu wadau wa vitabu. Naomba msaada kwa mnaoijua hii riwaya. Nimemaliza Boyfriend Material ya Alexis Hall, ile ya 2020 kuhusu wanaume wawili wa London wanaojifanya wapenzi mpaka mchezo unageuka kweli. Sasa niko kwenye muendelezo wake, Husband Material wa 2022, na nimekwama karibu na harusi ya kwanza.

Cha kwanza kilinivuta kwa swali moja: watapendana au hawatapendana? Hapa wameshapendana, miaka imepita, sasa nasubiri nini? Halafu majina ya marafiki yamenitoka kichwani. Kiingereza cha Uingereza nacho kinanipiga chenga, kwa sababu naona mtu anasema neno la heshima kabisa na mwenzake anaudhika. Mwisho, kikundi chetu cha kusoma tuko watano, watatu Arusha na wawili Moshi, na wawili kati yetu hawajasoma cha kwanza. Wanaweza kuanzia hapa? Tumejipa wiki nne.

Tafadhali msinimwagie mwisho.

Bi_Alamisho (Arusha)

Pole, na karibu. Wanaokwama pale ulipo ni wengi, na sababu ni kwamba unakisoma cha pili kwa macho ya cha kwanza.

Angalia kitabu cha kwanza kilivyofungwa. Luc anahitaji mchumba wa kuheshimika kwa sababu picha yake gazetini imewakimbiza wafadhili wa shirika analofanyia kazi, lile la kulinda wadudu wanaoviringisha kinyesi. Oliver anahitaji mtu wa kwenda naye kwenye sherehe ya wazazi wake ya miaka 40 ya ndoa. Kila mmoja ana shida, shida ina tarehe, na tarehe ikifika uongo unaisha. Hiyo ni injini inayojisukuma yenyewe, na msomaji unakaa tu.

Cha pili hakina tarehe moja. Kina harusi nne na msiba mmoja, na mpangilio huo umechukuliwa waziwazi kutoka filamu ya Kiingereza ya 1994, Four Weddings and a Funeral. Kwa hiyo kila sehemu ni tukio zima lenye wageni wake na aibu zake, na swali linalopita katikati ya zote ni hili: hawa wawili wakitamka neno ndoa, wanamaanisha kitu kimoja? Ukilishika hilo, kurasa ulizokuwa unaziona zinazurura zitaanza kukupa kitu.

Harusi ya kwanza ni ya Bridget, rafiki wa Luc wa miaka yote. Luc ndiye mpambe wa bibi harusi. Hapa kwetu mwanaume kusimama upande wa bibi harusi kungeleta mjadala wa wiki nzima kwenye kamati, lakini mle ndani hakuna anayeshtuka, na ukilishangaa sana utakosa kilichopo. Kinachopimwa ni kama Luc ameshakuwa mtu wa kutegemewa. Harusi ya pili ni ya Miles, yule mpenzi wa zamani aliyeziuza siri za Luc magazetini. Hapo punguza mwendo kabisa. Jiulize kila ukurasa: Luc anataka kuoana na Oliver, au anaogopa kuachwa nyuma na mtu aliyemuumiza? Ya tatu ni ya Alex wa ofisini, mtoto wa ukoo wenye mali za tangu enzi, na hapo desturi inaonekana kama vazi la tabaka fulani. Msiba ni wa nani sisemi. Harusi ya nne utaibashiri mwenyewe.

Jambo moja la kufanya: ukimaliza kila tukio, andika mistari miwili tu pembeni. Wa kwanza, Luc ameogopa nini. Wa pili, Oliver hakusema nini. Hadithi yote inasimuliwa na Luc, na Luc ana tabia ya kugeuza kila kitu kuwa kichekesho na kila kosa kuwa lake. Oliver tunamwona kwa nje tu. Akiumia huzidi kuwa na adabu. Sentensi zake zinanyooka, zinakuwa kama za mahakamani, na Luc anazipita. Wewe usizipite.

Na usisubiri lile vunjiko kubwa la robo ya mwisho ambalo riwaya nyingi za mapenzi huliweka, wapenzi wanaachana kwa kurasa thelathini kisha wanarudiana mvuani. Hapa mgogoro unadondoka tone tone. Kuna mabishano yao juu ya mapambo ya rangi za upinde wa mvua, ile alama ya wapenzi wa jinsia moja. Wasomaji wengi huyachukulia kama utani wa maputo, kumbe ndiyo uti wa mgongo wa kitabu. Mmoja anaona zile rangi ni nyumbani kwake. Mwingine anaona ni sare aliyoshonewa na watu wengine. Rudia ukurasa huo mara mbili.

Mzee_wa_Faharasa (Moshi)

Nyongeza kuhusu majina, maana hilo linaua muendelezo mwingi.

Usirudie kitabu cha kwanza chote, utachoka kabla hujafika. Rudia vipande vinne: sherehe ya mwanzo kabisa, Luc na Oliver walipokutana mgahawani kwa mara ya kwanza baada ya kupangiwa na Bridget, sherehe ya wazazi wa Oliver, na sura mbili za mwisho. Jioni mbili zinatosha. Sherehe ya wazazi ndiyo muhimu kuliko zote. Sikiliza baba na mama wanavyoongea na Oliver, jinsi kila sifa inavyokuja na kisu kidogo ndani yake. Kitabu cha pili kinajengwa juu ya pale, na mwandishi hatarudi kukueleza upya.

Watu wa kuwashika ni hawa. Bridget yuko kwenye uchapishaji wa vitabu na kila siku kazini kwake kuna janga. Wale James wawili ni wanandoa, wote wanaitwa James na wameunganisha majina ya ukoo, kwa hiyo wanatajwa kwa majina kamili kila mara, usidhani ni kosa la chapa. Odile ni mama yake Luc, Mfaransa, na mchuzi wake wa binzari haulikiki lakini lazima uliwe. Judy ni jirani na rafiki wa Odile. Jon Fleming ni baba yake Luc, mwanamuziki wa roki aliyewaacha. Alex na Rhys ni wa ofisini. Ukiwa na hao huhitaji wengine.

Kundi la WhatsApp la Luc na marafiki zake hubadilishwa jina karibu kila linapotajwa, na kila jina ni mchezo wa maneno. Ukishindwa kuuelewa pita, hauna habari ya hadithi ndani yake. Vichekesho vya Luc kwa Alex asubuhi ofisini ni kitu kingine. Msivipite. Luc anafika, anatoa kichekesho kifupi cha maneno yenye maana mbili, Alex anakichukua kama habari ya kweli na kuanza kuuliza maswali ya dhati, mwingine anaingia katikati na kutaka kuelezwa tangu mwanzo, na kufikia hapo kichekesho kimeshazikwa. Ukisoma kimya kimya kinachosha. Someni kwa sauti watu wawili, mmoja Luc mmoja Alex, na Alex asicheke hata kidogo. Kuchekesha kwake kunatokana na ule unyofu.

Kuhusu wawili ambao hawajasoma cha kwanza: matukio watayaelewa, uzito hawataupata. Miles atakuwa jina tu kwao. Nashauri wiki ya kwanza wasome cha kwanza wakati nyie watatu mnarudia vile vipande vinne, kisha wiki tatu mwende pamoja.

Mwanasheria_Sakina (Arusha)

Naongezea upande wa sheria za kule, kwa sababu mazungumzo mengi ya ndoa humo ndani hayaeleweki bila hiyo.

Uingereza iliruhusu kwanza ubia wa kiraia kwa wapenzi wa jinsia moja. Sheria ni ya 2004 na ilianza kutumika Desemba 2005. Ulikuwa na karibu haki zote za ndoa ila jina. Ndoa yenyewe, kwa England na Wales, ilikuja na sheria ya 2013, na harusi za kwanza zilifungwa tarehe 29 Machi 2014. Sasa piga hesabu. Wahusika hawa wanakaribia miaka 30 wakati wa kitabu cha kwanza, kwa hiyo wamekua wakijua kwamba ndoa si yao, halafu wakiwa vijana mlango ukafunguliwa. Hapo ndipo swali la kitabu linapouma. Mlango ukishafunguliwa, ni lazima upite? Kwa mmoja ni ushindi ambao watu waliupigania. Kwa mwingine ni nyumba iliyojengwa na watu ambao hawakumtaka. Msomaji asiyeijua 2014 ataona wanabishania ukumbi na maua.

Kanisa la England kwa sheria hiyohiyo halifungishi ndoa hizo. Ndoa ya kiraia kule hairuhusiwi kuwa na sala wala nyimbo za dini, na hutangazwa siku 28 kabla. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema siku 21, kwa hiyo dhana ya tangazo mnaijua.

Kazi ya Oliver pia. Uingereza mawakili ni wa aina mbili, na yeye ni wa ile inayosimama mahakamani kwa wigi na joho, kwenye kesi za jinai. Wana kanuni ya kupokea kesi kwa zamu, kama bodaboda kijiweni: mteja aliyefika ndiye wako, huchagui sura. Mtu akimuuliza Oliver anawezaje kumtetea mhalifu, jibu lake linatoka kwenye kanuni hiyo. Ukiielewa utaona kwa nini mtu anayeweza kumtetea yeyote anashindwa kujitetea mwenyewe mbele ya baba yake.

KurasaZaUsiku (Moshi)

Asanteni sana, hasa hiyo ya 2014, sikuwa nimeiweka pamoja kabisa. Je, hiyo filamu tuiangalie kabla au baada ya kitabu? Na suala la Kiingereza bado.

Bi_Alamisho (Arusha)

Kabla. Mwandishi anategemea uijue.

Kamusi_Mfukoni (Arusha)

Dada Bi_Alamisho, hapo tutofautiane kidogo. Mwenye mada ameomba asimwagiwe mwisho, na harusi ya mwisho ya ile filamu inafungua zaidi ya inavyopaswa. Filamu ni dakika 117. Iangalieni kabla, lakini simamisheni msiba ukiisha, mwishoni mwa maneno ya pale kanisani na matembezi yanayofuata. Kilichobaki kiangalieni siku mtakayofunga kitabu. Kwa njia hiyo mnapata mifupa bila kupata jibu.

Na huo msiba wa filamu uangalieni kwa makini. Kuna wanaume wawili ndani yake, Gareth na Matthew, ambao kundi zima la marafiki limekaa nao kwenye kila harusi likilalamika kwamba halina hata mmoja aliyeoa. Mmoja anapofariki ndipo marafiki wanatambua kwamba muda wote huo kati yao walikuwepo wawili waliokuwa, kwa kila hali, wanandoa. Ilikuwa 1994, sheria haikuwa na jina la kuwaita. Husband Material inaanzia palepale: sasa jina lipo, tulifanyeje? Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya mwandishi kuiazima filamu hii na kuziacha nyingine zote.

Kiingereza sasa. Tatizo kubwa mara nyingi ni kamusi. Simu nyingi zenye Kindle huja na kamusi ya Kimarekani. Bonyeza neno lolote kwa muda, kisanduku cha maana kikitokea gusa jina la kamusi, kisha chagua Oxford Dictionary of English na uipakue. Neno "pants" kwenye kamusi ya Kimarekani litakupa suruali, na kwa Luc ni chupi, au kitu kibovu. Neno "quite" kwa Mmarekani huongeza sifa. Kwa Mwingereza mara nyingi hupunguza: chakula kilichosifiwa kwa "quite nice" kilikuwa cha kawaida tu. Na ile heshima inayoudhi uliyoiona, mara nyingi ni maneno kama "with respect". Kule mtu akianza hivyo, jua anakaribia kukuambia umekosea. Kwa watu wa pwani hili halina ugeni. Fikiria mtu anayekujibu "haya, sawa, wewe ndiye unayejua" kwa sauti ya upole. Kila neno ni la adabu na bado umepigwa. Oliver na wazazi wake wanaongea hivyo muda wote. Luc akitukana, mara nyingi ni upendo au woga. Hatari iko kwenye upole.

Jina likikupotea, gusa alama ya kutafuta juu ya ukurasa, andika jina, nayo itakuonyesha kila alipotajwa. Soma mtajo wa kwanza tu kisha rudi, ukishuka chini utamwagiwa mwisho na simu yako mwenyewe.

Wenye masikio kuliko macho, vitabu vyote viwili vina toleo la sauti, na msomaji ni yuleyule, Joe Jameson. Anawapa wahusika sauti tofauti, kwa hiyo shida ya majina inapungua sana. Kipande cha safari ya Arusha hadi Moshi kwenye Coaster kinatosha tukio moja. Ila kisikilizeni kwa mwendo wa kawaida. Ukiongeza kasi unaua vichekesho, kwa sababu Mwingereza huviweka kwenye kimya kabla ya neno la mwisho.

Karatasi_ya_Kaki (Moshi)

Mmesema yote ya ndani ya kitabu, mimi niseme ya nje yake, kwa sababu tuko tulipo.

Kitabu cha karatasi kina jalada lenye wanaume wawili waliochorwa, na jina linasomeka toka mbali. Kivalisheni karatasi ya kaki kama daftari la shule. Kata karatasi ikizidi kitabu sentimita tano kila upande, kunja juu na chini kwanza, kisha ingiza majalada kwenye mifuko ya pembeni. Usibandike gamu kwenye jalada lenyewe. Kwenye simu inayoshikwa na watu wengine nyumbani, jalada huonekana kwenye orodha ya vitabu na wakati mwingine kwenye kioo cha mwanzo. Weka nywila kwenye programu yenyewe, na ukimaliza ondoa kitabu kwenye kifaa. Ununuzi unabaki, utakipakua tena ukitaka.

Kila mmoja anunue nakala yake. Msisambaze faili kwenye kundi. Kwanza ni haki ya mwandishi, na hapa kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Pili, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu vitendo vya ngono vinavyoitwa kinyume cha maumbile, si kusoma, lakini kusambaza machapisho kunaweza kuangaliwa kwa sheria nyingine, na tofauti ya kusoma na kusambaza ni kubwa. Mkitaka kujua mnanunua nini, vitabu hivi viwili havina kurasa za kitandani za wazi, mlango hufungwa. Kilichojaa ndani ni mazungumzo, chakula na aibu za hadharani.

Mahali pa kukutania, sebule ya mmoja wenu ni bora kuliko mgahawa wa mjini. Mtasoma kwa sauti, na ile kazi ya Luc na Alex haifanyiki kwa kunong'ona.

Bi_Alamisho (Arusha)

Kamusi_Mfukoni, nimekubali kuhusu kusimamisha filamu kwenye msiba. Ni bora kuliko nilivyosema.

KurasaZaUsiku, kwa wiki zenu tatu za pamoja: msigawe kwa idadi ya kurasa. Gaweni kwa matukio, kwa sababu kila sehemu ina mwanzo na mwisho wake. Wiki ya kwanza ya pamoja, harusi ya Bridget na ya Miles, na maswali yote yaelekezwe kwenye posa: nani ameitamka, wakati gani, baada ya kuona nini. Wiki ya pili, harusi ya Alex peke yake. Inaonekana nyepesi na mtashawishika kuiunganisha na msiba, msifanye hivyo. Ukitoka kwenye kicheko moja kwa moja kuingia msibani kikao kimoja, watu wanabaki kimya na mjadala unakufa. Wiki ya mwisho, msiba na harusi ya nne.

Kwenye kikao cha harusi ya Alex kuna swali linalofanya kazi vizuri kwa wasomaji wa huku: ni desturi ipi ya harusi zetu tungeibakiza kama tungeruhusiwa kubaki na moja tu? Kicheni pati, sendofu, kukata ndafu, michango ya kamati? Kila mtu ataje moja na aseme ni kwa faida ya nani. Halafu rudini kwa Luc na Oliver mkawaulize swali hilohilo. Mtaona Luc anataka wageni na Oliver anataka utaratibu, na hakuna kati yao aliyemuuliza mwenzake.

KurasaZaUsiku (Moshi)

Nimebadilisha kamusi, kweli ilikuwa ya Kimarekani. Sura niliyoiona ya heshima tupu sasa naona ni ugomvi mtupu. Swali la mwisho: nianze upya au niendelee nilipo?

Mzee_wa_Faharasa (Moshi)

Anza upya. Uko mwanzoni bado, na sura za mwanzo ndizo zenye mbegu za yanayokuja mbele: mambo ambayo Oliver anasema kuhusu ndoa kabla ya mtu yeyote kumposa. Yaweke alama ya njano. Utayahitaji ukifika harusi ya nne.